Santuri ya Saa Mbili Asubuhi

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, maana barua hii ukiisoma umesimama utachoka. Mimi mzima, mama mzima. Magoti yake yanalalamika kidogo asubuhi, lakini akishapata chai yananyamaza. Kazi ipo, watu bado wanang'oka meno, namshukuru Mungu. Msalimie sana shemeji, mwambie bado nangoja marudiano ya ule mchezo wetu wa drafti.

Sasa sikia. Nakuandikia kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana: mimi na wewe kwenye simu hatufiki dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Kwenye karatasi huwezi kunikatia. Soma mpaka mwisho.

Unamkumbuka yule jirani yangu mpiga picha, aliyehama mwaka jana? Aliniachia mashine yake ya santuri pamoja na santuri moja, kwa sababu havikuenea kwenye gari. Nikaviweka sebuleni kama pambo. Mama alipohamia kwangu mwezi wa kwanza, siku ya pili tu akaiona mashine, akaifuta vumbi, akaiwasha. Mwanamke akaanza kuimba. Dada, sijui nikuelezeje. Sauti ya mtu aliyeamshwa bila kupenda. Nyuma yake tarumbeta, na kila mstari tarumbeta linaingia limechelewa, kama mgeni aliyepotea njia. Nyimbo ziko nane, na wa mwisho una dakika tisa na hauna neno hata moja.

Mama akachungulia kwenye chumba changu cha kazi, akaniuliza, "Unaupenda muziki huu?" Ungesema nini wewe? Ndiyo kwanza amefika, ana siku mbili, anatembea ndani ya nyumba yangu kwa kunyata. Nikasema, "Sana, mama. Mzuri kweli."

Basi nikawa nimejimaliza. Tangu siku ile, kila siku iendayo kwa Mungu, saa mbili kamili asubuhi, santuri inalia. Upande wa kwanza, anageuza, upande wa pili. Anakaa kwenye kiti, amekunja mikono. Nami kazi yangu ya meno ya bandia ni ya nyumbani, nikimbilie wapi? Nta iko mkononi, moto unawaka, meno ya mtu yamo kwenye plasta. Karibu siku sitini sasa! Nimefika mahali najua hata pale mtu anapokohoa. Ndiyo, kuna mtu anakohoa kwenye wimbo wa nne, na wenyewe hawakuona haja ya kurudia.

Kumwambia aache siwezi. Mama wa umri ule ameacha nyumba yake kwa ajili ya ngazi zilizomshinda, kitu kimoja tu amekipenda kwangu, halafu nimnyang'anye? Kwa hiyo nakuomba wewe. Tulipatana miezi sita kwangu, miezi sita kwako, na mwisho wa mwezi wa sita ni mbali. Mchukue mwezi wa nne. Mashine nitaifunga mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na santuri juu yake.

Ni mimi mdogo wako ninayekonda,
Bwana Meno


29 Machi

Bwana Meno,

Marahaba. Uniwie radhi kwa kikaratasi hiki chembamba kama utepe, ni masalio ya vitabu vya hesabu. Hapa kiwandani tunajalidi vitabu vya shule elfu tatu, na vidole vyangu vimejaa gundi kiasi kwamba nikishika kijiko hakitaki kuachia. Lakini mzima. Nakula, nalala, nacheka.

Kuhusu mama kuja mwezi wa nne, haiwezekani. Nyumba inapakwa rangi.

Kuhusu santuri: mdogo wangu, wewe umeisikia, hujaisikiliza. Ziko albamu zinazokuja zimejipamba, siku ya kwanza unazicheza, siku ya kumi hata ukipewa bure huzitaki. Na ziko nyingine ambazo hazina haraka na wewe. Zinakungoja uzizoee, halafu kila ukirudi zinakupa kidogo. Hiyo yako ni ya namna hiyo, mimi nazijua. Usishindane nayo. Kila siku chagua kitu kimoja ukifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Leo gitaa zito, lile la sauti ya chini, kesho ngoma, keshokutwa huyo mkohozi wako. Fanya hivyo mara kumi, kisha uniandikie.

Na mama usimguse! Tumeongea Jumatatu, alinipigia kwenye simu ya kiwandani, nami nakwambia kama dada yako: santuri hiyo ndiyo furaha yake ya asubuhi. Ukimzimia, utanijibu mimi.

Umenisikia? Gitaa zito kwanza.

Dada yako aliyekubeba mgongoni, nawe ulikuwa mzito hivyo hivyo


22 Aprili

Dada,

Shikamoo na pole na gundi. Sisi hatujambo. Mama ameanza kunitafutia mchumba kupitia wateja wangu. Juzi alimuuliza bibi mmoja aliyekuja kupimwa meno ya juu kama ana binti. Bibi wa watu mdomo umejaa nta, atajibu nini? Akatikisa kichwa tu, mama akanikonyeza kana kwamba mahari imeshapangwa. Msalimie shemeji. Na rangi gani mnapaka? Ile ya maziwa ilikuwa nzuri tu.

Nimefuata dawa yako. Nataka ieleweke kwamba nimeifuata ili nije nikwambie haifai.

Siku tatu za mwanzo gitaa zito sikulisikia kabisa, nikadhani umenitania. Siku ya nne nikawa nasaga taya la bandia la chini la mwalimu mmoja mstaafu, nikazima mashine ya kusagia ili nipulize vumbi, na papo hapo nikalisikia. Lilikuwepo muda wote! Liko chini kabisa, linatembea peke yake. Na Dada, lina vituko. Wimbo wa pili yule mwanamke anaimba kwamba amefurahi, mume amerudi, sijui nini na nini. Gitaa zito halimwamini. Kila akisema amefurahi, lenyewe linashuka ngazi moja. Nimelisikiliza mara sita nipate hakika. Halimwamini hata kidogo.

Sisemi naupenda. Nasema nimelisikia gitaa.

Jambo jingine, nimegundua plasta yangu inaganda barabara ndani ya nyimbo tatu. Siku hizi siangalii saa. Mwanamke akimaliza kumlaumu yule mwenye viatu vipya wa wimbo wa tatu, natoa plasta.

Lakini usidhani nimesahau. Mwisho wa mwezi wa sita uko pale pale.

Bwana Meno


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni, kila siku nikisema leo. Kazi imetukalia kooni. Bosi ameleta mashine mpya ya kukata karatasi, inakata vizuri lakini inanguruma, kwa hiyo tunaongea kwa ishara. Jana nilimwashiria mwenzangu aniletee uzi, akaniletea chai. Nikainywa.

Nilicheka peke yangu kwa lile gitaa lisilomwamini mtu. Hebu niambie zaidi. Linafanyaje kwenye nyimbo nyingine? Linamwamini popote? Na tarumbeta je, bado unasema limechelewa? Sikiliza linachelewa kwa nini. Andika kirefu, usinibanie. Hata kama ni habari za kikohozi, andika.

Rangi ya kwanza haikushika ukutani, wanaikwangua waanze upya. Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu itakuwa taabu. Tuseme mwezi wa nane. Mama nitamweleza mwenyewe.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mwalimu wangu mstaafu nimemkosea. Nilikuwa nampangia meno ya mbele wakati wa wimbo wa sita, na huo wa sita, we acha tu. Nikampandikiza jino la kushoto kulia na la kulia kushoto. Alipojaribu na kutabasamu mbele ya kioo alisema anafanana na shemeji yake ambaye hawaelewani. Nimeyarudia. Halafu badala ya kununa, akaniuliza ni muziki gani ule uliokuwa ukilia nyuma ya ukuta, akaomba akae mpaka uishe. Tulikaa watu watatu sebuleni, mama amekunja mikono, mwalimu hana meno, mimi na nta.

Umeuliza tarumbeta linachelewa kwa nini. Nimepata jibu, na nina aibu kwamba limenichukua miezi mitano. Halichelewi! Linamngoja. Mwanamke anasema neno lake, linanyamaza mpaka limelielewa, ndipo linajibu. Ukisikiliza siku ya kwanza unaona mpigaji mvivu. Ukisikiliza mara mia unamwona mtu mwenye adabu kuliko wote humo ndani. Wimbo wa sita mwanamke analia, na hapo tarumbeta halijibu kitu. Linavuta pumzi, unaisikia kabisa ile pumzi, kisha linaacha. Mimi mkono ulisimama hewani, ndipo nikaweka jino kulia.

Wimbo wa mwisho, ule usio na maneno, bado umenishinda. Dakika tisa wanazunguka tu, mara wanapiga, mara wanapunguza kana kwamba wamesahau wafanye nini. Huo nauchukia kama kawaida.

Sasa tuongee kikubwa. Mwezi wa nane umesema wewe, mama hajasema. Mama amefunga sanduku. Hakuna aliyemwambia, kahesabu mwenyewe miezi sita, kakunja nguo zake, kaliweka sanduku karibu na mlango. Jana akaniuliza, "Nimekuchosha?" Nikasema hapana, mama. Akasema, "Ukichoka useme, niende kwa dada yako. Sitaki kuwa mzigo mahali." Anaongea hivyo huku anageuza santuri upande wa pili. Dada, mimi simfukuzi, elewa hivyo. Lakini mama wa watu hawezi kukaa na sanduku mlangoni kama abiria. Niambie tarehe.

Msalimie shemeji.

Bwana Meno


15 Julai

Mdogo wangu,

Mwambie mama afungue sanduku. Rangi haijakauka. Nina haraka, kazi nyingi, nitaandika vizuri baadaye. Huo wimbo wa mwisho usiuchoke, endelea nao.

Dada


21 Agosti

Wewe Dada wewe,

Shikamoo, nakupa kwa sababu nimelelewa. Sisi wazima, tena wazima sana, utashangaa tulivyo wazima.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini kununua plasta. Nikapita kwa muuza vitu vya zamani, na macho yangu yakagongana na yule mwanamke. Picha yake kwenye jalada, uso ule ule wa kuamshwa. Santuri yake ya pili! Nikasema, Mungu ameniona. Nitampelekea mama, ajue kwamba hata kama zamu yangu imepita simfukuzi, sanduku lile alitoe mlangoni. Nikaifunga kwenye karatasi nzuri.

Mama akafungua. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Akakaa. Akavua miwani.

"Nyingine?" akasema.

"Ndiyo, mama. Ya pili."

"Mwanangu," akasema, "nimekukosea nini?"

Nikavuta kiti. Akaendelea, "Miezi minane nakupigia hiyo santuri yako. Asubuhi ya Mungu, badala ya mtu kusikia ndege, nasikia huyu mama anavyokwaruza. Sijafungua kinywa. Ulisema unaipenda. Nikasema, nimekaa kwa mwanangu, magoti hayaniruhusu kufua wala kudeki, angalau hili moja nimfanyie, aanze kazi na kitu roho yake inakipenda. Na leo unaniletea ya pili?"

"Mama! Yangu? Mimi nilidhani ni yako!"

Tukatazamana. Nakwambia tulitazamana, Dada, mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika.

"Mbona dada yako alisema," mama akaanza.

"Dada kasema nini?"

"Nilimwambia mwezi wa tatu kwamba masikio yamechoka, bora nihamie kwake mapema. Akaniambia nivumilie, eti bila ile santuri mikono yako inatetemeka kazini."

Mikono yangu! Mimi, ninayechonga jino la mbele huku nimefumba jicho moja! Na kwangu ukasema ni furaha yake ya asubuhi. Tarehe zimo kwenye barua, ninazo zote. Juma moja, watu wawili, uongo wa namna mbili.

Siku nne haikulia. Saa mbili ikifika mama anatazama mashine, anatazama ukuta. Mimi naunguza nta. Niliharibu plasta mara mbili kwa kutojua muda. Mtu angeniambia zamani kwamba nyumba inaweza kukaa kimya kibaya namna hiyo, ningemcheka.

Siku ya tano nikasikia sauti jikoni. Mama anamenya viazi, anaimba. Anaimba maneno ya wimbo wa kwanza, lakini polepole, kwa mwendo ambao siujui, na kati ya mistari anangoja. Nikasimama mlangoni. "Mama, unaimba nini?" Akashtuka. "Siimbi. Nasafisha koo." Nikamkazia macho. Akaweka kisu chini. "Ni ule wa mwisho," akasema. "Kwani hujui? Ule wa mwisho ndio ule wa kwanza. Wanaupiga wenyewe, yeye hayupo, na pale pake wamemwachia. Mimi humwimbia pale pake, lakini moyoni, nisikuharibie."

Nikaenda kuiwasha mwenyewe. Ni kweli tupu. Pale nilipodhani wamesahau wafanye nini, ndipo mahali pake. Nimesikia wimbo ule mara mia mbili na zaidi, mama ndiye aliyeusikia. Akaimba kwa sauti, amesimama na magoti yake mabovu, nami, nisikufiche, nililia, nikasema ni moshi wa nta. Baadaye tukagombana kuhusu tarumbeta hadi saa saba mchana. Yeye anasema halina adabu lolote, ni mwoga tu. Na sanduku amelifungua bila kuambiwa na mtu.

Sasa zamu yako. Mama abaki hapa hata miaka ishirini, kelele za zamu zimekwisha. Lakini nimezisoma barua zako zote upya, na nina maswali mawili. Kwa nini ulitufunga kamba sote wawili? La pili: barua zangu tatu nimemsalimu shemeji, hujanirudishia salamu hata moja. Wewe, ambaye zamani ulikuwa ukijaza ukurasa kwa mafua yake! Naomba jibu, na ndani yake lisiwemo neno rangi.

Bwana Meno


9 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo nimeomba karatasi nzima.

Nimecheka mpaka mwenzangu akadhani nimekatwa na mashine. "Nimekukosea nini?" Mama huyu! Nilikaa juu ya robota la karatasi nikacheka, kisha kicheko kikageuka, nikakaa pale mpaka wenzangu wote wamekwenda nyumbani. Mimi sikwenda, kwa sababu nyumbani kwangu ni pale pale.

Hakuna kinachopakwa, kwa sababu hakuna nyumba. Mimi na shemeji yako tumeachana tangu mwezi wa pili. Ana mwingine, na nyumba ilikuwa yake, nikatoka na nguo zangu na ile cherehani ya mkono. Bosi alinipa chumba cha nyuma kinachowekwa vitabu vilivyokamilika. Nalala juu ya marobota, nimetandika magodoro mawili ya sponji. Si pabaya. Pana harufu ya gundi tu, na asubuhi nafika kazini kabla ya kila mtu.

Sikusema kwa sababu ya aibu. Mama alinionya kuhusu mtu yule, unakumbuka, mbele ya watu, nami nikamjibu mbele ya watu hao hao kwamba hajui kitu. Ningemwambiaje sasa? Na wewe ulipoandika Machi nimchukue, na mwezi ule ule mama akapiga simu anataka kuja, nikaona mkikaa mkaulizana tu, kesho yake mama yuko hapa mlangoni na sanduku, anikute hivi. Ndiyo nikawafunga kamba. Nisamehe. Mikono yako haitetemeki, haijawahi kutetemeka.

Na jingine nikiri. Mimi kuhusu albamu sijui chochote. Yale niliyokuandikia niliyatunga nikiwa nimekaa humu, natafuta maneno ya kukuweka sawa mpaka nipate chumba. Gitaa zito! Nilijua neno hilo tu. Kisha wewe ukaanza kulisikia kweli, na tarumbeta, na pumzi. Nikawa nangoja barua zako kuliko mshahara. Nimezisoma mpaka zimechanika kwenye mikunjo, nikazijalidi, ndiyo kazi yangu. Mara ya kwanza nilizisoma nikaona mtu mlalamishi. Mara ya nane au ya tisa ndipo nikaona jinsi unavyomtazama mama, na kwamba zile salamu za shemeji hazikuwa salamu, ulikuwa unanichungulia.

Nimekukumbuka, mdogo wangu. Nimewakumbuka wote wawili.

Mama usimwambie. Nitapata chumba mwaka ujao, nitamweleza mwenyewe. Niahidi.

Dada yako


16 Septemba

Dada,

Shikamoo. Niliahidi moyoni kwamba sitamwambia mama, na nikamwambia kabla chai haijapoa. Ukitaka kunipiga, utanipiga ukifika.

Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza amekunja mikono, kama anavyosikiliza santuri. Nilipomaliza akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie pale pa marobota. Kisha akasema, nami naandika kama alivyotamka: "Kuhusu mwanamume yule sina la kumwambia. Nina la kumwambia kuhusu kulala juu ya karatasi na mama yake yu hai." Akainuka, akaenda kwenye chumba cha dirisha kubwa, akaanza kuvuta viti nje yeye mwenyewe. Nimemkuta ameshavuta viwili. Nimemaliza mimi vilivyobaki, na kitanda kimeingia jana. Godoro si la sponji.

Kazi usinitajie. Mwalimu wangu mstaafu, ambaye sasa ana meno mazuri kuliko yako, anasimamia maktaba ya shule. Amesema vitabu vyake vinafunguka kama mabawa na kurasa zinaanguka watoto wakisoma. Hajaahidi kitu, anataka aone mikono yako. Nikamwambia kama ni mikono, yako haitetemeki.

Kuhusu ukubwa wako, kwamba wewe ndiye wa kwanza kuzaliwa na hupaswi kukaa kwa mdogo, hilo nimelitazamia, na mama amelijibu: nyumba ni yangu lakini saa mbili asubuhi ni yake, na utakaa kwenye saa yake.

Jambo moja ujiandae nalo. Wewe uliyetufundisha kusikiliza hujawahi kuisikia santuri yenyewe. Tumepatana na mama kwamba hatutakudokezea kitu, wala gitaa likishuka hatutakutazama. Siku ya kwanza utaichukia, na utasema hivyo waziwazi, maana wewe hujui kunyamaza. Sawa. Tutaipiga tena kesho yake.

Basi la kuja huku linatoka Jumamosi asubuhi, nitakuwa kituoni. Beba cherehani, beba barua ulizozijalidi, vingine waachie.

Barua hii usiijibu. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako siifungui, namrudishia aliyeileta. Njoo.

Mdogo wako